Kabla Hujachapa Zoezi, Lisikie Kwanza Mdomoni

Jedwali la kwanza la ngeli nililowaandalia wanafunzi wangu wa Kiswahili lilinichukua siku mbili. Ngeli zote zilikuwemo, umoja huku, wingi kule, na viambishi vyake nimevitenganisha kwa rangi. Niliwagawia, wakalisifu. Kisha nikamwomba mmoja wao aniambie kuna nini mezani. Akalishika jedwali, akapitisha kidole toka juu hadi chini, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kikombe mbili." Jibu alikuwa nalo mkononi, ila halikufika mdomoni.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandaa chochote huandika sentensi ambayo mwanafunzi ataweza kuisema mwisho wa kipindi na ambayo mwanzoni hakuiweza. Iwe sentensi hasa, isiwe mada. "Ngeli ya KI-VI" ni mada ya mwalimu. "Kisu kiko wapi?" ni kitu ambacho mtu huamka asubuhi akakisema.

Kutoka kwenye sentensi hiyo nilitengeneza zoezi ninalolitumia hadi leo. Nachora picha mbili za chumba kilekile. Ya kwanza ina kisu, vijiko na kikombe. Ya pili haina hivyo, ila ina kitabu, viatu na kioo. Wanafunzi wanakaa wawiliwawili, kila mmoja na picha yake, na hawaruhusiwi kuonyeshana. Kila mmoja anatafuta vitu vinavyokosekana kwake na kuvichora mahali pake. "Vijiko viko wapi?" "Viko juu ya kiti." Hapo hakuna anayeuliza ili kumridhisha mwalimu, anauliza kwa sababu bila jibu la mwenzake picha yake haikamiliki. Na kwa kuwa vitu vyote ni vya ngeli moja, sikio linasikia ki-ki, vi-vi, mara ishirini au thelathini kabla sijataja kanuni yoyote. Kufikia swali la kumi utasikia mtu akisema, "Viatu iko... viko wapi?" Amejisahihisha mwenyewe. Mimi huisubiri sana sauti hiyo. Ikishasikika, ndipo nawaambia wageuze karatasi, nyuma wakute jedwali dogo la ngeli hiyo moja tu. Kipindi kinachofuata naingiza sahani kati ya vikombe, na upatanisho, yaani kulinganisha kiambishi na nomino yake, unaanza kuwa na kazi.

Usiingize ngeli mbili mpya siku moja. Nimejaribu, na kila mara zilivurugana.

Kuhusu matini za kusoma, utafiti wa Hu na Nation, watafiti wa ujifunzaji wa msamiati, wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu aelewe hadithi ya Kiingereza vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua kama asilimia 98 ya maneno yake, yaani asiyoyajua yasizidi mawili katika kila 100. Kipimo hicho kimenisaidia sana, lakini kwa Kiswahili hakitoshi kukichukua kilivyo. Tazama neno "hawajanipigia". Kwa hesabu ni neno moja, na mwanafunzi anayejua "piga" unaweza kudhani analijua. Ndani yake mna ha- ya ukanushi, wa- ya nafsi, -ja- ya jambo ambalo bado halijatokea, -ni- ya mtendewa na -i- ya kutendea. Kwa hiyo kabla ya kutoa matini napigia mstari viambishi ambavyo bado hatujavisoma, sawa na msamiati mpya. Mara nyingi ndivyo vinavyowakwamisha, na tunaulaumu msamiati bure.

Halafu kuna kusahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Zana zetu nyingi zinafundisha neno somo la tatu na kuliacha hukohuko. Mimi nina daftari lenye maneno yote ya kozi, na mbele ya kila neno naandika namba za masomo linamorudi: 3, 4, 7, 15. Nikikuta neno lenye namba moja tu, nalitafutia nafasi kwenye mazungumzo ya mbele, au nalitoa kabisa.

Mpangilio wa ukurasa sina mengi ya kuusemea. Acha nafasi ya kutosha kuandikia, weka mfano mmoja uliokwisha kujibiwa, na maelekezo yawe mepesi kuliko zoezi lenyewe.

Ila nakuomba usiache kulijaribu zoezi kwa mwanafunzi mmoja kabla ya kuwapa darasa zima. Kaa pembeni, usimsaidie, angalia kalamu. Inaposimama, weka alama kwenye nakala yako. Kunyamaza dakika kumi ukimwona anahangaika kunauma, na mara nyingi nimetamani kumdokezea. Lakini zile alama ndizo zinazonionyesha swali lipi nililiandika vibaya.

Jedwali lile la rangi bado ninalo. Siku hizi nalitoa likiwa tupu, na kila mtu anajaza safu ya ngeli anayoiweza tayari kwa mdomo. Yule wa "kikombe mbili" alijaza ya KI-VI kwa penseli bila kuuliza mtu, kisha akaandika pembeni kwa herufi ndogo: kikombe kimoja, vikombe viwili.