Siwezi Tena Kuomba

SWALI: Tangu mume wangu afariki dunia na mavuno kukosekana, ninahudhuria kanisa letu dogo la kijijini lakini siwezi kuomba, ninakaa benchi la nyuma nikiwasikiliza wenzangu wakiimba. Je, imani yangu imekwisha?

JIBU: Pole sana, mama. Anayeendelea kuja na kukaa benchi lile, hata akiwa kimya, hajaiacha imani. Soma Zaburi ya 13: ina aya 6 tu, na katika 2 za mwanzo mwombaji anamuuliza Mungu “hata lini” mara nne, wala hakemewi, ndipo baadaye anapofikia tumaini. Zaburi ya 88 huishia gizani, na bado imo katika Biblia, jambo ambalo, kwa maoni yangu, wahubiri wengi hulipita haraka mno. Ukikosa maneno yako, yasome hayo kwa sauti. Aidha, kwa kuwa mchungaji wa vijijini mara nyingi huhudumia makanisa kadhaa na hafiki kila Jumapili, mweleze mzee wa kanisa unayemwamini kwamba huwezi kuomba, na umwambie pia kwamba ghala ni tupu, ili waje kukuombea wakijua yote mawili.