Maswali Yenu: Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba

SWALI: Kondomu ilipasuka usiku, na asubuhi hii nimenunua pakiti ya P2 yenye vidonge viwili. Karatasi inasema nimeze kimoja, kingine baada ya saa 12. Rafiki yangu anasema nivimeze vyote pamoja. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize rafiki yako, dada, na umeze sasa hivi. Kila kidonge hapo kina levonojestreli, homoni ya kuzuia mimba, miligramu 0.75, na dozi kamili ni miligramu 1.5. Ukivimeza pamoja vinafanya kazi sawa na ukivigawa, na unaepuka balaa la kusahau cha pili. Pakiti nyingine huwa na kidonge kimoja cha miligramu 1.5, hicho ni dozi nzima.

Tunakuharakisha kwa sababu dawa hii huzuia mimba kwa kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5 zikilingoja yai, na likishatoka kidonge hakina la kufanya. Hakuna ajuaye kwa hakika litatoka lini, kwa hiyo usingoje kesho. Kidonge hufaa zaidi ndani ya saa 72. Hadi saa 120 huenda kikasaidia, ila nguvu imeshapungua. Aliyevuka siku ya 3 aulizie ulipristali, kidonge kingine cha dharura, ya miligramu 30, au kitanzi cha shaba. Kitanzi kikiwekwa ndani ya siku 5, hakuna njia ya dharura inayokipita kwa uhakika.

Ukitapika kabla ya saa 3 kupita tangu umeze, rudia dozi nzima. Na mwambie mfamasia dawa zote unazotumia, hili watu hulificha mno. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya Virusi vya UKIMWI, na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini hulifanya ini liivunje homoni haraka. Anayezitumia huhitaji miligramu 3, yaani vidonge vinne vya 0.75, au bora zaidi kitanzi cha shaba.

SWALI: Nilimeza wiki iliyopita, sasa natokwa na matone ya damu. Ina maana sina mimba?

JIBU: Matone hayathibitishi chochote. Hedhi yenyewe inaweza kuwahi au kuchelewa kwa wiki moja hivi. Pima mkojo wiki 3 baada ya tendo lile. Kabla ya hapo kipimo kinaweza kukudanganya. Ukipata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Kama ulikuwa na mimba tayari, levonojestreli haiitoi wala haimdhuru mtoto.

SWALI: Nikishameza, nina kinga mpaka hedhi ijayo?

JIBU: Huna. Yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye, na wengi hushika mimba hapo wakidhani wako salama. Ukitumia levonojestreli, anza vidonge vya uzazi wa mpango vya kila siku siku hiyohiyo, pamoja na kondomu kwa siku 7. Ukitumia ulipristali, subiri kwanza siku 5, kwa sababu homoni za vidonge hivyo huipunguzia nguvu. Muda wote huo tumia kondomu.

Kidonge hiki hakizuii Virusi vya UKIMWI pia. Kama una wasiwasi na mwenzako, au ulibakwa, ulizia kituo cha afya dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya virusi hivyo baada ya tendo, leo hii. Nazo lazima zianze ndani ya saa 72.