Mgeni wa miezi mitatu: majibu ya maswali yenu kuhusu watoto kubadilishana shule huku Ulaya

Haya jamani, tangu nisimulie hapa kwamba binti yangu karudi kutoka Ufaransa kwenye kubadilishana shule, na mwenzake wa kule akaja kukaa kwetu, simu haijapumzika. Naishi Kehl, Ujerumani, mpakani kabisa, ukipanda tramu ikavuka mto Rhine umeshafika Strasbourg, kwa hiyo haya mambo nayaona kila siku. Nimechukua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shule ya binti yangu, miaka 15, imeleta fomu ya mpango wa kubadilishana unaoitwa Brigitte Sauzay, aende Ufaransa miezi mitatu halafu Mfaransa aje kwangu miezi mitatu. Tuko wanne kwenye vyumba viwili na nusu. Mtoto wa watu nitampokeaje? (Mama Wawili, Dortmund)

Mama Wawili, vyumba viwili na nusu ndo nyumba za wengi wetu huku, usione haya. Anachohitaji ni kitanda chake na pa kufanyia homuwaki, wakilala chumba kimoja na binti yako hakuna shida. Mpango wenyewe uko chini ya OFAJ, ofisi ya vijana ya Wafaransa na Wajerumani iliyoanzishwa 1963, mwaka uleule de Gaulle wa Ufaransa na Adenauer wa Ujerumani waliposaini mkataba wa urafiki wa Élysée. Ni kama wiki 12 kila upande, anasoma shule ya mwenzake, na hakuna anayemlipa mwenzake, we unamlisha wa kwao na wao wanamlisha wako. Nauli kuna ruzuku kidogo.

Mi kilichonitoa jasho ni chakula cha jioni. Siku ya kwanza saa kumi na mbili jioni tukakaa mezani, mkate, jibini, matango, salami ya kuku, si unajua mambo ya huku. Mgeni akala kipande kimoja akatulia. Saa mbili usiku akamnong'oneza binti yangu, eti tunakula saa ngapi? Maskini alijua vile ni vitafunwa, maana kwao chakula cha usiku ni cha moto, na sisi kumbe tulishageuka Wajerumani hata hatujijui! Nilicheka mpaka machozi halafu nikainuka nikasonga ugali saa hiyohiyo, kulikuwa na maharage ya nazi ya jana. Akauliza uma uko wapi, mdogo wake binti yangu akamwonyesha vidole. Wiki ya pili anaenda kunawa kabla yetu.

Ila nikwambie kitu, barua yetu ya kujitambulisha ilisema "familia ya Ujerumani, mji mdogo karibu na mpaka" basi, hatukuandika kwamba nyumbani tunaongea Kiswahili na tumetoka Tanga, nadhani tuliogopa wasitutake. Mtoto kafika kakuta tusiyoandika, siku mbili tatu alikuwa kachanganyikiwa, na kosa lilikuwa letu. We andika yote, lugha, dini, idadi ya watu, hata kwamba bibi anapiga simu saa kumi na moja alfajiri kila Jumapili.

Kijana wangu anaenda Uhispania na darasa lake kwa Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya (EU) wa kubadilishana wanafunzi, wiki mbili, atakaa kwenye familia. Sisi Waislamu. Nguruwe, mvinyo, swala, naogopa. Nikatae? (Baba Salim, Malmö)

Usikatae kabla hujauliza, Baba Salim. Hiyo ni safari ya kundi na walimu wanakwenda nao, kwa hiyo mwalimu wake anayo namba ya mwalimu wa kule, mwambie aulize familia mapema, na usiishie kwenye "hali nguruwe" maana huko Uhispania jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, kwa wengine haihesabiki kama nyama, wanaiondoa nyama kwenye sahani kisha wananyunyizia vipande vya hiyo jamón juu. Sema anakula samaki, mayai, mboga, dagaa wa aina zote. Hapo Mhispania anafurahi mwenyewe.

Mvinyo utakuwepo mezani kwa wakubwa, hilo mwandae mapema ili asije akashtuka. Swala ni mkeka na dakika tano, akisema anataka kusali wengi wanampisha, na kama yule mwenzake wa kule hajawahi kumwona mtu akisali basi atauliza maswali, aachwe aulize. Wa kule naye akija Malmö mpokee vilevile, asifichwe kwamba ni Ramadhani kama ni Ramadhani.

Mwanangu ana pasi ya Tanzania na kibali cha kuishi Ujerumani. Darasa linakwenda Poland siku tano. Viza?

Hapana. Kibali cha nchi moja ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, kinamruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Abebe pasi na kadi ya kibali, VYOTE viwili, si picha kwenye simu. Wangekuwa wanakwenda Ireland, ambayo haimo Schengen, ningekwambia mfuate mwalimu leo hii.

Hivi hizi si pesa za kuwafanya watoto waipende tu EU? Na huo "uraia wa Ulaya" ni kitu gani, mbona sijaona pasi yake? (Msomaji, Nairobi)

Swali zuri na jibu langu ni ndiyo kiasi. Uraia wa Ulaya upo tangu mkataba wa Maastricht uliosainiwa 1992, nao unakaa juu ya uraia wa nchi yako, haufuti. Mfaransa aliyehamia hapa Kehl anaweza kupiga kura ya meya, mimi mwenye pasi ya Tanzania na miaka yangu yote hapa sipigi. Hapo ndo utaona huo uraia upo, pasi yake usiitafute.

Erasmus yenyewe ilianza 1987 na wanafunzi wa vyuo 3,244 kutoka nchi 11, shule za chini zikaja baadaye. Na ndiyo, walioianzisha walitaka watu wajione Wazungu wa nyumba moja, hawakuficha. Lakini we kumbuka hawa Wajerumani na Wafaransa wamepigana vita vitatu ndani ya miaka 75, kuanzia 1870. Mji wangu huu baada ya vita ya pili ulishikwa na Wafaransa, wenyeji walikuwa wametolewa, wakarudishiwa kidogokidogo mpaka 1953. Leo watu wanavuka kwenda kununua mkate. Siwezi kusema safari za shule ndo zimefanya yote hayo, ila sijui kama ingewezekana bila watoto kulala kwenye nyumba za waliokuwa maadui.

Halafu kuvumiliana kunakohubiriwa kwenye haya mambo kuna upogo. Utamkuta mtoto kaenda Lyon karudi anasema tamaduni za watu ni tamu, na darasani kwake yuko Msyria aliyesoma naye miaka miwili, na hajawahi kwenda nyumbani kwa huyo Msyria hata kunywa chai. Na wanaosafiri mara nyingi ni wenye vyumba vya ziada na wazazi wanaojua kujaza fomu. Hili linaniuma kuliko hayo ya propaganda. Uingereza nao walivyotoka Umoja wa Ulaya wakaanzisha mpango wao wa Turing 2021, unalipia wanaokwenda, wanaokuja haulipii. Yani mgeni umemfuta. Sasa hapo unabadilishana nini?

Shule yetu ya sekondari Morogoro inaweza kuingia Erasmus+? (Mwalimu)

Shikamoo mwalimu. Kwa shule za sekondari, hapana, hiyo ni ya nchi 27 za Umoja pamoja na chache za jirani kama Norway, Uturuki na Serbia. Wenzetu waliomaliza digrii ya kwanza wanaweza kuomba masta za Erasmus Mundus. Kwa shule, kama mna rafiki Ujerumani, waambie waulizie ENSA, ambayo inasaidia shule za huko kushirikiana na shule za Afrika, na maombi yanatoka upande wao. Mshikilieni hapohapo, kwamba wanafunzi wenu nao waende, isiwe wao tu kuja kupiga picha na twiga.

Shkamoo shangazi. Niko Nantes wiki ya kwanza, natoka Bremen, kila usiku nalia chooni, nataka kurudi. Nina miaka 16.

Marahaba mwanangu. Binti yangu alilia siku tisa, nimezihesabu kwenye meseji. Mwambie mama mwongee mara moja kwa siku, jioni, maana ukichati naye kutwa nzima utakuwa Bremen kichwani na Nantes miguuni. Kama kuna mtu anakutendea vibaya hapo, hiyo ni nyingine kabisa, mwambie mwalimu leo, usingoje kesho. Kama ni upweke tu, basi kesho mama wa nyumba akianza kupika ingia jikoni, usiulize kama anahitaji msaada maana atasema hapana, chukua kisu ukate vitunguu. Huko ukilia hakuna atakayejua.