Jibu: vifuniko vya profaili gani kwa kibodi ambayo vitufe vimehamishwa?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juujuu. Una kibodi ya mekanika ya asilimia 65, yaani ndogo isiyo na pedi ya namba, iliyokuja na vifuniko vya vitufe vya profaili (umbo la kifuniko) ya OEM. Ctrl umeihamishia kwenye Caps Lock, Backspace umeishusha ikakaa mahali pa \, na sasa unataka kuingia Dvorak, mpangilio wa herufi tofauti na QWERTY ya kawaida, kwa sababu kazi yako karibu yote ni ya Kiswahili. Unauliza ununue Cherry, SA au XDA. Mimi ni mtafsiri, nachapa Kiswahili kutwa, na njia unayoiendea nimeipita mwaka wa nne sasa.

Ushauri wangu ni kwamba jina la profaili uliache kwanza. Chukua karatasi, andika kila kitufe ulichokihamisha, kisha mbele yake jibu maswali mawili: kimevuka mstari? Na upana wa pale kilipokwenda ni sawa na wa pale kilipotoka? Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia profaili.

OEM, Cherry na SA ya kawaida zimechongwa kwa ngazi, yaani kila mstari una umbo lake. Mstari wa namba umeinuka na unakuinamia wewe, mstari wa kati umekaa chini, na ule wa Z umelalia upande mwingine. Itazame kibodi kwa ubavuni utaona kabonde. Kwa mtu ambaye herufi zake hazikuhama, kabonde hako ni raha, vidole vinajua viko mstari gani bila macho. DSA na XDA hazina ngazi, kila kifuniko kina umbo moja, kwa hiyo K ukiitia popote inakaa sawa na jirani zake. SA nayo inauzwa pia kwa umbo la mstari mmoja, lakini uangalie maelezo vizuri kabla ya kulipa, maana picha zinafanana.

Sasa angalia Dvorak inafanya nini. August Dvorak na William Dealey waliupatia hataza Marekani mwaka 1936, na mstari wake wa kati unasomeka A O E U I D H T N S. Kati ya herufi hizo 10, zilizokuwa mstari wa kati tangu mwanzo ni A, D, H na S tu. O, E, U, I na T zinashuka kutoka mstari wa juu, N inapanda kutoka chini. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya profaili ya Cherry, nzuri kwa macho. Nilikaa mezani usiku mmoja nikang'oa vifuniko vyote vya herufi, nikavipanga upya kwa mpangilio wa Dvorak. Nilipoweka vidole, cha kidogo kilikuwa kimetulia kwenye A, vitatu vilivyofuata vimekaa juu zaidi kwenye O, E na U, na upande wa kulia kidole cha pete kilikuwa kinagonga ukingo wa N kila kilipopumzika. Ni kama kutembea barabara ya mawe. Baada ya siku mbili ncha ya kidole hicho ilikuwa inauma, nikavirudisha vyote.

Kwa hiyo kama utaingia Dvorak na unataka herufi zilizochapwa juu zilingane na unachochapa, nunua profaili isiyo na ngazi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vifuniko hawatakuambia, kwa sababu linatuhusu sisi wa Kiswahili. Dvorak ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwetu inaanza vizuri sana: irabu zote tano ziko mkono wa kushoto, konsonanti nyingi ziko kulia, na silabi zetu ni konsonanti kisha irabu, hivyo mikono inapokezana. Tatizo ni K. Imewekwa kushoto chini, chini ya kidole cha shahada, na kidole hichohicho ndicho kinachobeba U na I. Jaribu neno "kukumbuka". Lina herufi tisa, na kidole cha shahada cha kushoto kinapigishwa mara sita. Fikiria sasa kila kitenzi kinachoanza na "ku", kila "ki" ya ngeli, kila "huku" na "kiki".

Mwanzoni nilibadilishana K na C, kwa kuwa C kwetu haitembei bila H na haiwezi kulalamika popote ikiwekwa. K ikaenda kulia juu, chini ya kidole cha kati. "Kukumbuka" ikawa nyepesi, lakini nilipochapa "kwa" nikakwama: W nayo ni ya kidole hichohicho, mstari wa chini. Kidole kimoja kiruke kutoka juu hadi chini kwa neno ambalo halikosekani kwenye sentensi! Nikajaribu tena kwa kuzungusha tatu: K imekwenda mahali pa V, V imekwenda mahali pa C, na C imekwenda mahali pa K. Sasa K iko kulia chini, kidole cha pete, na W iko pembeni yake, kidole cha kati. "Kwa" na "kwenye" zinateleza kama unagonga meza kwa vidole viwili. "Mk" ya mkate na mkono haina shida. "Vi" imebaki mikono miwili. "Mb" bado ni kidole kimoja, cha shahada cha kulia, na hiyo nimeivumilia.

Nimekueleza yote hayo kwa sababu yanagusa swali lako moja kwa moja. Kuna seti zinazouzwa na vifuniko vya ziada vya Dvorak ya kawaida vilivyochongwa kwa mstari sahihi. Ukizungusha hata herufi mbili kwa ajili ya Kiswahili, kama mimi, hakuna seti duniani iliyokufikiria wewe. Profaili isiyo na ngazi ndiyo inayokuachia uhuru wa kujaribu leo, kubadilisha wiki ijayo, na kubadilisha tena.

Kati ya DSA na XDA, mimi niko DSA na sitarudi nyuma. DSA ni fupi, takriban milimita 7 na nusu, uso wake ni mdogo na una kishimo kinachopokea ncha ya kidole. XDA ni ndefu kidogo na uso wake ni mpana, karibu bapa. Watu wengi wanaisifu XDA kwa mwonekano, na herufi zake husomeka vizuri, lakini kwa mtu anayejifunza mpangilio mpya kishimo ni msaada mkubwa: kidole kikiingia pembeni unajua papo hapo kuwa umekosea. Kwenye XDA niliyoazima kwa rafiki nilikuwa nagonga vitufe viwili kwa pamoja bila kujua mpaka nisome skrini. Kasoro ya DSA ni mstari wa namba. Kwa kuwa haujainuka, unauhisi uko mbali, basi inua miguu ya nyuma ya kibodi, au iegemeze kwenye kitu chembamba.

SA ya ngazi kwako niiondoe kabisa. Ni ndefu, kwenye mistari ya juu inafika milimita 16 hivi, na kasoro zote za kuvuka mistari zinakuwa kubwa zaidi.

Vijinundu. F na J zina kijistari cha kukuonyesha mahali pa kuanzia. Ukihamisha vifuniko kwenda Dvorak, F inapanda kwenye nafasi ya Y na J inashuka mahali pa C, na kwenye vituo vyako vya shahada, ambavyo sasa ni U na H, hakuna alama yoyote. Usilidharau hili. Profaili isiyo na ngazi bila kijinundu ni kiwanja tupu, mkono ukitoka kwenye kipanya haujui pa kurudi. Nilichofanya ni kudondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ukingo wa chini wa U na wa H, nikaacha likauke usiku kucha, kesho yake nikaongeza tone la pili juu yake. Limekaa mwaka wa tatu. Ukitumia kijiti cha kiberiti kudondoshea badala ya brashi yake, tone linabaki dogo na la mviringo.

Upana nao uko hivi. Kitufe cha herufi ni kizio kimoja, milimita 19 na kidogo. Caps Lock ni 1.75, kama milimita 33, lakini Ctrl ya kushoto ni 1.25, kama 24. Hazibadilishani kwa profaili yoyote, hata DSA. Unahitaji kifuniko cha Ctrl chenye upana wa 1.75, na seti nyingi nzuri zinacho kwa kuwa wanaohamisha Ctrl ni wengi. Backspace ni 2, nafasi ya \ ni 1.5, hapo tafuta Backspace ya 1.5. Ukiikosa, kwenye profaili isiyo na ngazi kifuniko chochote cha 1.5 kitaingia, hata cha Tab au kitupu.

Njia ya bure kabisa ni kuacha vifuniko vyako vya OEM vilivyo. Kama unachapa bila kutazama, umbo la kila mstari linabaki sahihi na vijinundu vinabaki chini ya vidole vyako vya shahada, ila tu herufi za juu zinadanganya. Wiki za kwanza utaumia, na mtu mwingine wa nyumbani akikaa hapo atachanganyikiwa. Vifuniko vitupu vya profaili ya Cherry vinafanya kazi hiyohiyo kwa utulivu zaidi: bonde unalo, na hakuna herufi ya kukupotosha. Kama vidole vyako vinalipenda bonde, chagua hiyo kuliko DSA. Ila tazama taa za swichi zako (vile vidude vinavyobonyezwa chini ya vifuniko) zimekaa upande gani. Zikiwa upande wa skrini, vifuniko vya Cherry vya mstari wa kati vinaweza kugonga kichwa cha swichi.

Kuhusu plastiki, chukua PBT. Nipo Tanga, jasho la vidole ni la mwaka mzima, na vifuniko vyangu vya plastiki ya ABS viling'aa kama vimepakwa mafuta. Vya PBT bado vina ukavu wake.

Uhamishaji wenyewe ufanyie ndani ya kibodi kama inakubali QMK au VIA (programu za kupanga vitufe ndani ya kibodi yenyewe), uache kompyuta kwenye mpangilio wa kawaida wa Marekani. Hapo neno la siri utaliandika kwa Dvorak yako hata kabla mfumo haujawaka, na ukichomeka kibodi kwenye mashine ya ofisini inakufuata. Usiweke Dvorak pande zote mbili, herufi zitahamishwa mara mbili na utapata maandishi yasiyosomeka.

Kabla hujaagiza chochote, pima Shift yako ya kulia kwa rula. Kwenye kibodi nyingi za asilimia 65 ni kama milimita 33, na seti ya kawaida huja na ya 52 ambayo haitaingia. Pima pia vitufe vilivyo kulia kwa kitufe cha nafasi (Space), uone kama ni vya kizio kimoja au 1.25. Weka vipimo hivyo hapa pamoja na kiungo cha seti unayoitazama, nitakuangalizia kifuniko kimoja kimoja.