Lumeni, luksi na niti: kubadili vipimo vya mwangaza kabla ya kununua projekta

Kazi yangu ni kufunga projekta na runinga katika makanisa, kumbi za mikutano na vibanda umiza hapa Mbeya na wilaya za jirani, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote linahusu namba. Boksi la projekta limeandikwa lumeni 3,000, runinga ya dukani imeandikwa niti 350, na karatasi ya maelekezo iliyokuja na skrini kutoka Marekani inataja futi-lambati, kisha mteja anataka kujua kipi kinang'aa zaidi. Ninamshauri kila mmoja asishike kikokotoo kwanza, mpaka ajue kila namba inapima nini.

Lumeni ni hesabu ya mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Luksi ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba ya ukuta au skrini. Niti, ambayo ni jina fupi la kandela moja (kipimo cha ukali wa mwanga unaoelekea upande mmoja) kwa mita ya mraba, hupima mwanga unaoondoka kwenye uso wa kitu kuelekea kwa anayetazama, na hicho ndicho kipimo kinachoamua kama muumini aliyekaa benchi la nyuma atayasoma maneno ya wimbo. Kwa hiyo anayeuliza lumeni 3,000 ni niti ngapi bila kutaja ukubwa wa skrini ni sawa na mkulima wa Uyole anayeuliza mfuko mmoja wa mbolea utatoa kiasi gani kwa kila shina bila kusema shamba lake lina ekari ngapi.

Vipimo vinavyopima kitu kilekile havina shida, kwani hubadilishwa kwa kuzidisha tu. Futi-lambati moja ni niti 3.426, na ndiyo maana kiwango cha kumbi za sinema, ambacho ni futi-lambati 14, huandikwa pia kuwa niti 48. Lambati yenyewe, iliyopewa jina la mwanahisabati Johann Heinrich Lambert aliyezaliwa mwaka 1728, ni takriban niti 3,183, na stilbi ni niti 10,000. Hizi mbili huwezi kuzikuta dukani. Apostilbi, ambayo ni niti 0.318, bado hutumika katika mashine za kupima upana wa uoni wa macho, ambazo kwa kawaida huwa na mwanga wa nyuma wa apostilbi 31.5, yaani niti 10.

Ugumu uko katika kutoka lumeni kwenda niti, na hapa ningependa msomaji afuate hesabu polepole. Chukua projekta ya lumeni 3,000 inayotoa picha yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Eneo ni mita za mraba 6, hivyo kila mita ya mraba inapata luksi 500. Ukuta mweupe usio na mng'ao huutawanya mwanga huo pande zote mbele yake, na kwa sababu hiyo luksi hugawanywa kwa 3.14 ili kupata niti. Ukuta wa kawaida uliopakwa rangi nyeupe haurudishi mwanga wote, hivyo mimi huzidisha pia kwa 0.8. Jibu ni takriban niti 127, au futi-lambati 37, na katika ukumbi wenye giza hiyo ni picha nzuri sana.

Tatizo ni kwamba ibada hufanyika asubuhi. Mwezi Juni na Julai anga la kwetu huwa safi na jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya upande huo huingiza mwanga mwingi. Tuseme luksi 300 za dirishani zinafika ukutani: kwa hesabu ileile hizo ni niti 76, na zinajiongeza kwenye sehemu nyeupe za picha na kwenye sehemu nyeusi pia. Nyeupe inakuwa niti 203 na nyeusi 76, maana yake nyeupe inaizidi nyeusi chini ya mara tatu, na nyuso za watu katika picha zinafifia kabisa. Ukifunga mapazia mazito yakapunguza mwanga huo hadi luksi 30, nyeupe inashuka hadi niti 135 lakini nyeusi inashuka hadi niti 8 hivi, na tofauti inafika karibu mara 17. Hakuna projekta mpya iliyonunuliwa hapo.

Kabla ya kuamini namba ya boksi, tafuta kama imeandikwa lumeni za ANSI (taasisi ya viwango ya Marekani), ambazo hupatikana kwa kupima sehemu tisa za picha na kuchukua wastani. Projekta nyingi za bei ya chini huandika lumeni kubwa zisizopimwa hivyo. Ukiweza kuijaribu dukani, washa picha nyeupe tupu, weka simu yenye programu ya kupima luksi bapa ukutani ikitazama projekta, soma sehemu hizo tisa, tafuta wastani, kisha zidisha kwa eneo la picha. Kihisi cha simu si chombo cha maabara, lakini kinatosha kutofautisha lumeni 3,000 na lumeni 300.

Kwa mwenye kibanda anayesita kati ya projekta na runinga ya niti 350, hesabu igeuzwe. Niti 350 mara 3.14, gawanya kwa 0.8, ni luksi 1,374. Gawanya lumeni 3,000 kwa namba hiyo utapata mita za mraba 2.2. Projekta hiyo itang'aa kama runinga ile endapo tu picha haitazidi upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.2, na ukiongeza upana na kimo mara mbili, niti hubaki robo. Kama watazamaji ni wengi na picha lazima iwe kubwa, fedha za kwanza ziende kwenye mapazia na kuziba nyufa za mabati, ndipo lumeni zifuate.