Miaka Mitatu ya Kujipanga

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 34, fundi cherehani, naishi Morogoro mjini na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilipata ujauzito, na kwa taratibu za wakati ule nikafukuzwa. Mtihani wa Kidato cha Pili nilikuwa nimeshaufaulu. Tangu siku hiyo nina nia moja ambayo haijawahi kunitoka, nayo ni kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka mitatu iliyopita nilinunua vitabu na karatasi za mitihani iliyopita, nikavifunga kwenye mfuko, nikauweka chini ya kitanda, na hadi leo uko hapo. Kila Januari najiambia kuwa mwaka huu nitajisajili, na kila mwaka nakuta Machi imekwisha sijaenda popote. Ndugu zangu wanasema ni uvivu, ilhali nashona tangu saa mbili asubuhi hadi usiku. Mwenyewe najiambia kawia ufike, bado najipanga. Binti yangu sasa yuko Kidato cha Tatu, kwa hiyo nikijisajili Januari ijayo tutafanya mtihani mwaka mmoja. Nifanye nini ili niache kusitasita?

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapigia mstari mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, yaani mwezi wa Januari na binti yako. Habari ya uvivu sikuipigia mstari, kwa sababu mtu anayeshona tangu asubuhi hadi usiku hahitaji kutetewa na mimi.

Kabla ya hayo mawili, niruhusu nilalamikie neno "kujipanga". Limekuwa neno la heshima mno katika mazungumzo yetu: anayedaiwa anajipanga, mchumba asiyepeleka barua kwao binti anajipanga, na mwenye msingi wa nyumba uliomea nyasi anajipanga vilevile. Raha ya neno hili ni kwamba halina tarehe, na jambo lisilo na tarehe haliwezi kuhesabiwa kuwa limeshindikana, hivyo mtu anaweza kuishi nalo miaka kumi bila aibu yoyote. Kuhusu methali uliyoitegemea, nadhani umeiazima vibaya kidogo. Anayeambiwa "kawia ufike" ni msafiri ambaye ameshatoka nyumbani na yuko njiani. Aliyekaa kitandani juu ya mfuko wa vitabu hakawii, kwa kuwa bado hajaondoka.

Sasa tuje kwenye Januari. Shule hufunguliwa mwezi huo, na kila anayejua kazi yako anajua hali inavyokuwa: wazazi wanagonga mlango saa tatu usiku na vitambaa vya bluu, sketi za marinda zimejaa mpaka juu ya meza ya kukatia, na mtoto anatakiwa shuleni kesho asubuhi. Mwezi huohuo ndipo Baraza la Mitihani hufungua usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, na anayepitisha muda wa kawaida hulipa ada pamoja na faini. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitatu umekuwa ukijitwisha safari ya kwanza na ya kutisha zaidi katika mwezi ambao huna hata nafasi ya kula chakula cha mchana umekaa. Mtu yeyote angeshindwa. Kosa lako ni la kalenda, na kosa la kalenda hurekebishwa kwa kalenda.

Usingoje Januari ndipo uanze. Mtahiniwa wa kujitegemea huanzia kwenye kituo cha mtihani anachokusudia kufanyia, ambako hupewa namba rejea ya kumwezesha kujaza fomu ya usajili kwa njia ya mtandao. Nenda kwenye kituo hicho Oktoba hii, wakati cherehani yako ina nafasi, umuulize mkuu wa kituo maswali matatu: namba hutolewa siku gani, ada ya mwaka huu ni kiasi gani, na wewe uje na vielelezo gani vya mtihani wako wa Kidato cha Pili. Ikiwa vielelezo vimepotea, utakuwa na Novemba na Desemba za kuvitafuta. Ada itenge mapema, tena itenge kwenye fedha za sare zinazoanza kuingia Desemba, kabla hazijageuka kuwa uzi na vifungo. Ukifanya hivyo, Januari itakudai asubuhi moja tu. Na kama utaona kusoma peke yako ni kugumu, uliza pia ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani kwako, kwa maana kazi ya taasisi hiyo ni watu wa aina yako hasa.

Hayo ndiyo mepesi. Jambo la pili ni binti.

Nikusimulie yangu kidogo. Nilikaa miaka sita na fomu za kuombea hati ya kiwanja ndani ya begi la kijani juu ya kabati. Walioniuliza niliwaambia mambo makubwa: gharama za upimaji, foleni za ofisi, urasimu. Siku nilipoibeba ile fomu hatimaye niligundua kuwa kilichokuwa kimenizuia miaka yote hiyo ni mstari mmoja ulio chini ya ukurasa wa pili, unaotaka saini ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye tulikuwa tumegombana kwa ajili ya mtaro wa maji machafu. Sikutaka kwenda kusimama mlangoni kwake. Basi. Urasimu wote ule niliokuwa nikiuhubiri ulikuwa uso wa mtu mmoja. Tangu hapo, kila ninapomsikia mtu akieleza kusitasita kwake kwa maneno mapana, humuuliza: ni nani hasa ambaye hutaki akuone?

Nakuuliza na wewe. Ulipofukuzwa shule, ujauzito uliobeba ndiyo huyu binti. Yeye sasa amefika darasa lilelile ulilotolewa, na mwakani ataingia lile ambalo hukuwahi kukalia. Sidhani kama unaogopa mtihani wenyewe kiasi hicho. Nahisi unaogopa matokeo yatoke wiki moja, la kwake na la kwako, na la kwako liwe chini. Au pengine unaogopa kwamba ukikaa mezani na daftari, naye atahesabu miaka na kujiona kuwa yeye ndiye sababu. Kama nimekosea, nisamehe. Kama nimepatia, dawa yake haimo katika ratiba yoyote: ni mazungumzo ya jioni moja, tena mafupi. Usimtangazie mpango mkubwa. Mletee karatasi ya Hisabati, umwambie kuwa swali la nne limekushinda, akuonyeshe wanavyolifanya siku hizi. Mtoto wa Kidato cha Tatu anayeombwa na mama yake amfundishe hawezi kukaa muda mrefu akijiona mzigo.

Utaniambia ni aibu mzazi na mtoto kusoma pamoja. Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Eldoret unamfahamu, kwa kuwa hatajwi mtu mzima anayerudi shule bila yeye kutajwa. Aliingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta ada za shule za msingi, na mwaka 2005 alikwenda New York kuzungumzia elimu katika Umoja wa Mataifa. Kinachosahauliwa ni mambo mawili madogo ambayo wewe kama fundi na kama mama utayapenda: alijitengenezea sare, kaptura na soksi ndefu, akavaa kama wenzake, na katika shule hiyohiyo ya Kapkenduiywo walikuwamo wajukuu zake. Alitaka aweze kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Wajukuu walimwona kila siku, na masomo yakaendelea.

Lipo pia jambo la kitaalamu lililo rahisi sana. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, pamoja na mwenzake, walichapisha mwaka 1997 matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walitakiwa kuandika taarifa fupi ya jinsi walivyoupitisha mkesha wa Krismasi, na kuituma ndani ya saa 48. Baadhi yao waliombwa jambo moja zaidi, yaani waandike mapema ni wakati gani na mahali gani watakapokaa kuiandika. Miongoni mwa wale wasiotaja wakati wala mahali, waliotimiza walikuwa kiasi cha theluthi moja. Miongoni mwa waliotaja, walikaribia robo tatu. Nia ya makundi hayo ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni saa na kiti.

Kwa hiyo sitaki uniambie kuwa utasoma kwa bidii. Andika hivi kwa chaki kwenye ubao wa meza yako ya kukatia: Jumanne na Alhamisi, nikishaifunika cherehani, kabla sijawasha jiko, nitakaa kwenye kiti cha wateja nifanye maswali mawili. Mawili yanatosha kwa mwezi wa kwanza. Hapo nakukumbusha ulivyofundishwa ufundi wenyewe. Hakuna aliyekupa kitambaa cha mteja siku ya kwanza. Ulianza kukata kaki na magazeti, ukakosea kwapa, ukakosea shingo, karatasi ikatupwa na maisha yakaendelea. Ile mitihani iliyopita iliyo chini ya kitanda ndiyo magazeti yako. Ifanye vibaya. Umeiweka miaka mitatu ikiwa safi kama kitenge cha harusi, na karatasi ya mazoezi haikununuliwa ili ibaki safi. Hisabati isikutishe kupita kiasi, kwa sababu daraja hupatikana kwa kujumlisha masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, na doa la somo moja halifuti mengine.

Ikiwa baada ya kuzungumza na binti mtaona ni bora yeye atangulie na wewe ufuate mwaka unaofuata, sitakulaumu, ingawa mimi ningefanya naye mwaka mmoja. Ila uamuzi huo uutamke, uuandikie mwaka wake, na Jumanne na Alhamisi ziendelee. Kuahirisha kwa kuamua na kuahirisha kwa kunyamaza hufanana kwa jirani anayekutazama. Wewe mwenyewe utajua tofauti yake usiku. Mfuko utoe chini ya kitanda leo.

SWALI

Shangazi, bibi yetu mzaa baba yuko Pangani, ana miaka inayokaribia 90, na ndiye pekee aliyebaki anayejua historia ya ukoo. Mwaka jana niliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba nitamrekodi na kuandika kitabu cha ukoo. Watu walinipongeza sana, wengine wakachanga fedha, nikanunua kinasa sauti kizuri. Mpaka sasa sijaenda hata mara moja, na niko Tanga mjini tu. Nashindwa kujielewa.

Mjukuu, Tanga

JIBU

Mwanangu, pongezi ulishazipokea, na hapo ndipo penye tatizo. Gollwitzer yuleyule niliyemtaja hapo juu alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2009 matokeo yanayokwenda kinyume na ushauri tuliouzoea, wa kuwatangazia watu malengo yako ili wakusukume. Waliwachunguza watu waliotamani kuwa kitu fulani, wakiwemo wanafunzi wa sheria, na wakaona kwamba wale ambao nia zao zilitambuliwa na mtu mwingine walizifanyia kazi kidogo kuliko wale ambao nia zao hazikuonwa na mtu. Mtu akishaitwa mwanahistoria wa ukoo, moyo hujiona umeshafika nusu ya safari. Tena kwako fedha za ndugu zimeongeza uzito: kilichokuwa mazungumzo na bibi kimegeuka kuwa kitabu, na kitabu kinatisha.

Kundini usiandike tena neno lolote, hata la kuomba radhi. Kinasa sauti kiache nyumbani, maana utapoteza saa nzima kukitengeneza na bibi atakiogopa. Simu yako inarekodi vya kutosha. Jumamosi hii panda gari la asubuhi la Pangani, na usifike na orodha ya maswali. Fika na sukari, kaa chini naye, umuulize swali moja tu: mama yake alizaliwa wapi, na aliitwa nani kabla hajaolewa. Jibu la swali hilo litatoa majina matatu au manne, na kila jina lina hadithi yake. Sauti hiyo ihifadhi siku hiyohiyo mahali pengine mbali na simu, kwa jina la tarehe. Bibi akichoka baada ya dakika ishirini, zima simu, mchambue naye mchicha, na kabla hujaondoka mwambie ni Jumamosi ipi utarudi.