Betri na seli za mafuta jeshini: majibu ya maswali yenu

Betri ya redio aina ya BB-2590: wengine wanasema ni volti 14.4, wengine 28.8. Nani yuko sahihi?

Wote. Ndani mna mafungu mawili yenye seli 12 za lithiamu kila moja. Katika fungu, seli zimeunganishwa tatu tatu sambamba, kisha makundi manne hayo yakafuatana: kila seli ina volti 3.6, hivyo 4 × 3.6 = 14.4. Unganisha mafungu mfululizo, unapata 28.8.

Naweza kuichaji kwenye baridi chini ya 0 °C?

Hapana. Kuitumia inakubali, ila haidumu. Wakati wa kuchaji kwenye baridi, ioni za lithiamu haziwahi kupenya ndani ya grafiti (kaboni ya upande hasi wa seli), zinaganda juu yake kama metali. Humo huota vijiti vyembamba vinavyoweza kutoboa kitenganishi, utando wa plastiki wenye unene wa mikroni 20 hivi, na seli ikapiga shoti. Ubaya ni kwamba nje huoni kitu. Betri itapimwa vizuri leo, iwake moto siku nyingine. Ilaze kwanza mahali penye joto kwa saa kadhaa, maana ganda hupata joto mapema kuliko kiini.

Seli ya mafuta inafaa lini kuliko betri?

Seli ya mafuta ni mtambo unaogeuza mafuta, kama methanoli, kuwa umeme bila kuyachoma. Piga hesabu ya safari nzima. Mzigo wa wati 50 kwa saa 72 unadai wati-saa 3,600. Kwa betri za wati-saa 250 zenye kilo 1.4 kila moja, hizo ni 15, yaani kilo 21. Methanoli ina takribani wati-saa 5,500 kwa kilo. Seli ikigeuza robo tu kuwa umeme, kilo 2.6 zinatosha, uongeze uzito wa mtambo. Kwa safari ya saa kumi, mtambo huo ni mzigo wa bure. Na usiache betri ndogo: redio inaporusha mawimbi hudai nguvu ghafla, na seli ya mafuta huitikia polepole.

Methanoli usiipeleke kwenye seli ikiwa kali. Huvuja kupitia utando ulio katikati ya seli hadi upande wa hewa, ikapotea bure na kushusha volti. Mitambo mingi huizimua kwa maji hadi asilimia chache.

Kwa nini tusiilishe seli mafuta ya ndege, ambayo jeshi tayari linayo?

Salfa. JP-8, mafuta ya ndege ya jeshi, inaruhusiwa kuwa nayo hadi asilimia 0.3, na kiasi kidogo sana tu huua kichocheo cha platini ndani ya seli. Lazima uiondoe kwanza, uyavunje mafuta kupata hidrojeni, kisha usafishe monoksidi ya kaboni, ambayo nayo hudhuru platini, ibaki chini ya sehemu 10 kwa milioni. Kila hatua ina chombo chake, na chombo kina uzito. Seli za oksidi ngumu, aina nyingine ya seli za mafuta, huivumilia monoksidi, hata kuitumia, ila hufanya kazi kwenye mamia ya nyuzijoto na huchelewa kuwaka. Na hizo pia salfa huzidhuru.